Udongo Niliopaka Kwenda Mnyuzi

Uso wangu hutoa mafuta. Sisemi jasho, maana jasho kila mtu analo. Nasema mafuta, yanayojitokeza yenyewe hata asubuhi ya baridi, hata kama nimenawa kwa sabuni na kujifuta mpaka ngozi ikaniwasha. Nikipitisha kidole kwenye paji la uso, kinateleza. Shuleni nilikuwa nikisinzia juu ya daftari, na nikiamka nakuta ukurasa umeshika doa linaloonyesha maandishi ya upande wa pili, kama karatasi iliyofungiwa andazi.

Kwetu Handeni hilo peke yake si jambo baya. Mtoto anayeng'aa ni mtoto aliyekula. Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyenilea, na alikuwa akifurahi watu wakinisifu. Siku ya Idi aliniongezea mafuta ya nyonyo juu ya yale niliyokuwa nayo, nikatoka nje nikiwa kama chungu kilichomwagiwa maji.

Wenzangu ndio hawakuniacha. Tukienda shamba la kijiji asubuhi, wakiniona tu wanaanza.

"Zimeni koroboi, taa imekuja!"

"Mpisheni apite mbele atumulikie njia."

"We dada, lete shavu nikaangie yai."

Msichana mwingine angewajibu na wote wangecheka, yakaisha. Mimi jibu langu huja baada ya siku mbili, nikiwa peke yangu kisimani. Kwa hiyo nilikuwa naenda kulima sehemu ya pembeni kabisa, karibu na pori, ambako hakuna aliyependa kulima kwa sababu ya visiki.

Lakini si mizaha hiyo iliyonifanya nianze kupaka udongo. Mizaha nilikuwa nimeizoea. Ni maneno ya mama.

Baba alifariki nikiwa darasa la pili. Kila aliyemjua anasema nimechukua uso wake wote, paji, pua na huo mng'ao. Mama alikaa eda nyumbani kwa bibi. Ilipokwisha alirudi kwao Mnyuzi, na baadaye akaolewa na mtu anayefanya kazi ya kutengeneza reli. Mimi nilibaki, kwa sababu mtoto ni wa upande wa baba, na kwa sababu bibi hakuwa na mtu mwingine. Hakuna aliyekosea. Ndivyo inavyokuwa.

Nikiwa darasa la tano nilipelekwa Mnyuzi wakati wa likizo. Mama alinipokea vizuri. Alinipikia wali, akanishonea gauni kwa mkono. Lakini tukikaa kula aligeuka upande, akawa anakula huku akitazama mlangoni. Siku moja nilikuwa nyuma ya jiko nikiosha vyombo, nikamsikia akizungumza na jirani yake.

"Mtoto wangu nampenda, shoga. Ila nikimtazama namwona marehemu. Anang'aa vilevile. Chakula kinanikwama."

"Utazoea."

"Sijui. Labda akikua atabadilika."

Niliendelea kusugua sufuria ambayo ilikuwa imekwisha kutakata.

Nilikua. Sikubadilika. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kuhamishiwa kijiji kipya, chenye nyumba zilizopangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Sisi tulipewa kiwanja cha mwisho. Jirani wa upande mmoja alitoka mbali, hatukujuana, na upande wa pili hapakuwa na jirani, palikuwa na majani. Wasichana niliomaliza nao shule waliolewa mmoja baada ya mwingine. Bibi alikuwa amezeeka, maneno yake yamepungua. Kuna siku tulikula mchana na jioni bila kusema lolote zaidi ya "nisogezee chumvi." Hatukuwa tumegombana. Yeye alikuwa na mambo yake ya zamani ya kuwaza, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Nilitaka kuishi na mama. Nilikuwa msichana mkubwa, hata hivyo jambo hilo nilikuwa nalitaka kama mtoto mdogo. Mtu mmoja wa kijijini alikuwa akisafiri kwenda Tanga, nikamwomba apitie Mnyuzi aulize kwa niaba yangu. Jibu lilirudi hivi: "Aje baada ya mavuno, tuone."

Watu wengine wangesikia "aje." Mimi nilisikia "tuone." Nilijua kitakachotazamwa ni nini.

Poda ya dukani nilikuwa nimewahi kuiona, kopo moja lenye picha ya ua, kwa mke wa mwalimu. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti vikipatikana, na majembe. Ukiulizia poda watu wangecheka mwezi mzima. Lakini nilikuwa nimeona kitu kingine. Bibi alikuwa mfinyanzi, na siku moja koroboi ilipinduka ikamwaga mafuta kwenye msala wake. Hakuufua. Alichukua udongo mweupe mkavu, ule tuliokuwa tukisiribia kuta za nyumba, akausaga mkononi akaunyunyiza juu ya doa. Alasiri aliukung'uta. Msala ulikuwa umebaki na harufu tu, mafuta yameondoka na vumbi.

Niliwaza, kama unanyonya mafuta ya msala, utanyonya na ya uso.

Udongo huo haukupatikana kijiji kipya. Ulikuwa kwenye mahame yetu, mahali tulipokuwa tunakaa kabla ya kuhamishwa, ukingoni mwa kijito kinachokauka kiangazi. Nilikwenda peke yangu, nikatoka alfajiri na jembe dogo na kapu. Nyumba yetu ilikuwa imebaki kuta tatu. Mibarika, ile miti ya nyonyo, ilikuwa imeota ndani, mahali pa kitanda changu, na ilikuwa mirefu kunizidi. Jiwe la kusagia lilikuwa palepale, limejaa maji ya mvua. Nilipiga hodi. Sijui kwa nini nilipiga hodi. Baadaye ng'ombe wa wafugaji walipita katikati ya viwanja vyetu wakila majani yaliyokuwa mlangoni kwa watu ninaowajua, na mchungaji wao alinitazama kwa mbali, akainua fimbo kunisalimu, akaenda zake. Nilipita kaburini kwa baba nikang'oa magugu. Halafu nikashuka kijitoni kuchimba.

Udongo wa juu una mizizi na mchanga, haufai. Nilichimba mpaka nikafika mahali unapokatika kama mihogo iliyovundikwa, laini, mweupe, baridi. Nikajaza kapu.

Nyumbani niliutwanga, na nilipokuwa nautwanga bibi alitoka nje.

"Udongo huo haufinyangiki."

"Sifinyangi, bibi."

"Unasiriba wapi, basi?"

"Ni wa uso."

"Uso umeota ufa?"

"Unang'aa, bibi."

"Si ung'ae! Ulitaka uwe kisiki?"

Niliendelea kutwanga. Aliketi kwenye kigoda akanitazama kwa muda, kisha akaniondolea mchi mkononi.

"Ukipaka hivi utajichuna. Una mchanga huu. Lete vyungu viwili."

Akanionyesha anavyofanya na udongo wa kupaka vyungu ili viwe laini. Unautia kwenye maji, unakoroga kwa mkono, unasubiri kidogo. Mchanga unatangulia chini. Yale maji ya juu, yaliyo meupe kama tui, unayamimina taratibu kwenye chungu cha pili, mchanga unautupa. Cha pili unakifunika unakiacha kitulie mpaka kesho yake. Maji yanakuwa angavu juu, unayamwaga, na chini unakuta uji mzito. Huo unautandaza kwenye ungo uliowekwa kitambaa, unauanika. Ukikauka unapasukapasuka vipande vipande. Ndipo unausaga na kuuchekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu, mara mbili, mpaka ukiushika huusikii mkononi.

Hakuniuliza nataka uso usio na mng'ao wa nini. Nilifurahi hakuniuliza. Siku hizo mbili tatu za kukoroga na kuchekecha ndizo tulizozungumza zaidi kuliko mwaka mzima.

Nilipoupaka mara ya kwanza nilitazama kwenye kipande cha kioo, nikaona mtu aliyeangukia kwenye pipa la unga. Ngozi yangu ni nyeusi na udongo ni mweupe. Nikachota udongo mwekundu wa kichuguu, nikausafisha vilevile, nikawa nauchanganya kidogo kidogo na kuujaribu nyuma ya kiganja. Nilipopata rangi inayopotea kwenye ngozi niliutia kwenye kopo la mafuta ya mgando lililokwisha. Niligundua pia kwamba usoni haupakwi kwa kusugua. Ukisugua unafanya tope. Unachukua kipande cha pamba, unakigusisha kwenye unga, unakung'uta, halafu unabonyeza tu, kwenye paji, kwenye pua na kwenye kidevu. Mashavu unayaacha. Kisha unapitisha kiganja kikavu kuondoa uliozidi. Uso unabaki wa kawaida, kama wa mtu yeyote, na unakaa hivyo mpaka jua linapokuwa la utosi. Baada ya hapo mafuta yanarudi na unabonyeza tena.

Ukizidisha ngozi inavuta, na pembeni ya mdomo unga unapasuka ukicheka. Mimi hilo halikunisumbua sana.

Shamba la kijiji hakuna aliyesema kitu. Ilikuwa asubuhi ya kwanza niliyopita katikati ya watu na hakuna aliyenitaja. Nilidhani ningefurahi zaidi. Nilikwenda kulima kwenye visiki vyangu kama kawaida.

Mavuno yalipokwisha, bibi alinifungia mahindi na njugu kwenye kikapu. Alijua nakwenda kwa mama na alijua huenda nisirudi. Alisema, "Msalimie. Mwambie miguu tu ndiyo inanisumbua." Akanipa kaniki yake nijifunike kujikinga na vumbi la njiani. Hakunisindikiza barabarani.

Barabara ya Handeni kwenda Korogwe ilikuwa ya vumbi jekundu. Kopo langu nililiweka kwenye kikapu, juu ya mahindi, na mahali fulani kwenye mashimo kifuniko kilifunguka. Niliposhuka Korogwe nikakuta mahindi yote yamepakwa poda na kopo tupu. Nilikuwa nimebakiwa na fundo dogo la udongo mweupe mtupu, ambao haujachanganywa, niliouchukua ili nije kuutengenezea hukohuko.

Nililala Masuguru, hapohapo Korogwe, kwa mwanamke mmoja wa ukoo wa bibi. Asubuhi nikajifungia bafuni kwake. Hapakuwa na kioo. Nilinawa, nikajifuta, nikapaka ule mweupe, kidogo tu nilivyoona mimi. Kwa kuwa nilikuwa na wasiwasi nilitokwa jasho, na kwa kuwa nilitokwa jasho nilipaka tena. Nilipotoka yule mama alinishika kidevu.

"Mbona umepauka hivyo, mwanangu? Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Paka mafuta basi. Yako pale."

"Asante, nimekwisha kupaka," nilisema, na nikawahi stesheni.

Ndani ya treni nilikaa nimeinamisha uso ili upepo usipeperushe kitu. Nilikuwa nikijibonyeza paji kwa pamba kila tulipokaribia kusimama, nikihesabu kwamba pengine ndipo hapa. Nilikuwa nimejisemesha maneno ya kuingilia tangu Handeni: hodi, shikamoo mama, habari za siku nyingi, bibi anakusalimu. Manne tu. Nilikuwa nayasema moyoni kama hesabu ya jedwali.

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo msomaji wa kwetu analijua. Mtu aliyefiwa hajipaki mafuta. Anaacha ngozi ipauke, na ukimwona amepauka hivyo, huna haja ya kuuliza, unaanza kumpa pole. Na anayetumwa kupeleka habari ya msiba hasemi mlangoni. Anasimama uani, kimya, mpaka mwenye nyumba aelewe mwenyewe au amkaribishe akae ndipo aseme.

Mama alikuwa uani akipepeta mahindi. Hakuwa anajua siku nitakayokuja. Aliinua macho akamwona msichana amesimama na kaniki nyeusi kichwani, uso umepauka mpaka kwenye kope, na hasemi neno. Maneno yangu manne, hata hodi, yalikuwa yamenipotea. Kwa aibu nikainama.

Ungo ulimdondoka.

"Mama mkwe?" aliuliza. "Ni mama?"

Nilisema, "Hapana." Naapa nilisema. Lakini sauti yangu hata mimi niliisikia kwa shida, na yeye alikuwa amekwisha kupiga ukelele. Alinijia mbio akanikumbatia, kichwa changu akakibana shingoni kwake, akaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata baba alipofariki.

"Mama yangu jamani! Nimekuacha peke yako! Nani alikuchotea maji, mama? Nani alikukanda miguu? Nimekaa huku nakula, nimekaa huku nacheka, na wewe huna hata mtu wa kukushika mkono!"

"Mama, bibi hajambo," nilisema kwenye kanga yake.

"Hajambo sasa, mwanangu, amepumzika!"

Wanawake walikuja kutoka kila upande, wengine na majembe yao. Mmoja alitandika mkeka. Mmoja aliondoa sufuria motoni. Jirani yule yule wa zamani alimshika mama kiunoni huku naye akilia, na akawa anawaeleza wanaofika: "Ni mkwewe wa kwanza, yule mama wa Handeni. Kaja mtoto peke yake kuleta habari, maskini. Mtazameni uso." Wote wakanitazama uso. Wakazidi kulia.

Nimekumbatiwa na mama mara chache. Ile ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote. Alikuwa ananukia moshi na makapi ya mahindi. Nilikuwa nikisema "hajambo, hajambo," na kila nilivyosema alinibana zaidi.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mumewe. Alifika kutoka relini na nyundo yake begani, akasimama pembeni mpaka akapata nafasi, akaja akachuchumaa mbele yangu kwa upole.

"Pole, binti yangu. Amefariki lini?"

"Hajafariki."

"Nani hajafariki?"

"Bibi."

"Aliyefariki ni nani, basi?"

"Hakuna."

Akageuka kuwatazama wale wanawake, akageuka tena kwangu. "Sasa hawa wanalia nini?"

Kilio kilikufa kidogo kidogo, kuanzia waliokuwa karibu mpaka wa mbali, ambao waliendelea kidogo kwa kutojua. Mama aliniachia. Alinishika mabega akaninyoosha mbele yake.

"Bibi yako yuko hai?"

"Ndiyo. Anakusalimu. Miguu tu ndiyo inamsumbua."

Mmoja alianza kucheka, wakacheka wote, hata yule jirani alicheka huku machozi yakimtiririka. "Mtoto kaja na sura ya matanga!" alisema. "Haya, rudisheni sufuria motoni, tule shughuli ya mzima!" Baba huyu wa kambo naye alicheka, akachukua kikapu changu akakiingiza ndani. Mama hakucheka. Alipitisha kidole kwenye shavu langu akakitazama.

"Umepaka nini?"

"Udongo."

"Wa nini?"

"Wa kuzuia mng'ao."

"Nani kakwambia uzuie mng'ao?"

Sikuweza kusema "wewe." Alinitazama, na nilimwona akitafuta mahali fulani nyuma yangu, miaka ile ya nyuma, na nadhani alipapata, kwa sababu aliondoa mkono wake taratibu akaenda kuokota mahindi yaliyomwagika. Nikaenda kumsaidia. Tuliokota mpaka punje za mwisho, zilizoingia chini ya mawe ya jiko.

Nilikaa siku chache. Mume wake alikuwa mtu mwema. Alisema mbele yetu sote kwamba nyumba ina nafasi, na kwamba mwanamke mmoja pale anafundisha kushona, naweza kwenda. Mama alisema, "Tutaona." Watoto wao wadogo wawili walinizoea upesi, wakawa wananipanda mgongoni.

Asubuhi moja mama aliniita nje na beseni la maji. Alinikalisha kwenye kigoda akaninawisha uso mwenyewe, kwa kiganja, kama anavyonawishwa mtoto anayekwenda shule. Akanikausha kwa ncha ya kanga. Tulikaa hivyo, mimi nimekalia kigoda na yeye amechuchumaa, mpaka mafuta yakaanza kurudi. Niliyasikia yanarudi, kwanza pua, kisha paji. Nilitaka kuinama. Alinishika kidevu nisiiname. Hakugeuka upande. Alinitazama kwa muda mrefu, macho yakamjaa maji, akayaacha yatoke, na bado hakugeuka.

"Ni yeye," alisema. "Si vibaya."

Nikajua ameniona, na nikajua kwamba sasa ndipo atakaponiambia nibaki.

"Ile siku," alisema, "unakumbuka nilikuwa nasema nini nikilia?"

"Nakumbuka."

"Nilisema nimemwacha peke yake. Nilisema nani alimchotea maji. Si ulisikia? Na wote walisikia. Sikujua kama nina maneno hayo, yalitoka yenyewe." Akajifuta pua. "Nimemlilia mtu hivyo, halafu yuko mzima kule na miguu yake. Nikikuweka hapa, nitakuwa ndiye niliyemwondolea mtu wake wa mwisho. Kila nikipita kisimani wataniuliza, yule mama uliyemlilia anachotewa maji na nani? Nitawajibu nini?"

Nilisema, "Majirani wapo." Nilisema uongo, upande mmoja kuna majani.

"Wewe ulitaka kukaa?"

Hilo ndilo swali nililosafiri nalo kutoka Handeni. Alikuwa ameniuliza kwa sauti ya kawaida, uso wake uko karibu na wangu, na jibu lilikuwa neno moja. Nilitingisha mabega.

"Nitakuja kuwaona," alisema. "Mimi nitakuja huko, Mungu akipenda. Na huo udongo, ukitaka paka kwa ajili yako. Kwa ajili yangu usipake."

Alinisindikiza stesheni. Alininunulia machungwa, akanimenyea moja tukiwa tunasubiri, akawa ananipa kipande kimoja kimoja. Treni ilipokuja alinisukuma mgongoni ili niwahi nafasi, na nilipopata dirisha alikuwa amekwisha kuzungukwa na wauza ndizi, nikaona mkono wake tu.

Sikupaka kitu njiani. Pale Korogwe, nikisubiri gari la Handeni, vumbi lilishika kwenye mafuta ya uso wangu na sikulifuta.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni nilipofika. Nilimwamkia. Aliitikia, akatazama kikapu, akaona kina nguo zangu zote.

"Umerudi."

"Nimerudi, bibi."

Hakuuliza kwa nini. Nilichota maji, nikawasha moto, nikamkanda miguu. Ndipo nikamweleza ile habari ya uani, kwa sababu ilikuwa habari ya kuchekesha na nilitaka acheke. Hakucheka. Aliacha kutafuna tumbaku.

"Alilia sana?"

"Sana."

"Mbele za watu?"

"Uani kulijaa."

"Alisemaje?"

Nikamwambia yote, maji na miguu na mkono wa kushikwa. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza alivuta kanga yake mabegani, akasogea ili nikae karibu.

"Hebu anza tena," alisema. "Uanzie pale ungo ulipomdondoka."

Nikaanza tena. Nilisema polepole ili nisiruke neno. Yale ya asubuhi na beseni sikumwambia, wala lile swali nililoulizwa. Alipolala niliendelea kukaa pale na mkono wangu chini ya miguu yake, nikisikiliza upande ule wa majani.